Udongo Unaila Dawa, Lakini Udongo Ni Nani?

“Ikigusa mchanga imekufa, shekhe. Udongo unaila.”

Ndivyo alivyoniambia kijana wa duka la agroveti karibu na soko la Kongowea, huku akipangusa vumbi chupa ya lita moja kwa kitambaa kile kile alichopangusia mizani. Nilikuwa natafuta dawa ya magugu. Masika yalikuwa yamekiacha kiwanja changu cha Kiembeni na msitu wa majani mapana yaliyofika magotini, na nilitaka kitu cha kuyaua bila kuugusa ukoka. Bei ilinipendeza, na maneno yalinipendeza zaidi. Nani asiyetaka sumu inayofanya kazi asubuhi na kujizika yenyewe jioni?

Dawa haikuniangusha. Nilijiangusha mwenyewe. Bomba la mgongoni nililisuuza mara moja tu, maji nikayamwaga kando ya kisima, na wiki ya pili nikalijaza mbolea ya maji na kuipulizia mibamia ya bi mkubwa. Siku ya tatu majani yalikuwa yamejikunja kama vikombe na vikonyo vimejinyonga. Dawa niliyonunua ni ya aina ya 2,4-D, ambayo hujifanya homoni ya ukuaji ya mmea wenyewe: mmea hukua ovyo, hujipinda, mwishowe hujiua. Kiasi kidogo kilichobaki kwenye mpira wa bomba kilitosha. Bi mkubwa hakunigombeza. Alichuma majani matatu, akayaweka mezani mbele ya kikombe changu cha kahawa, akaenda kuswali.

Tangu hapo lile neno “unaila” limenikaa kooni.

Sentensi ya dukani, kwanza, ni ya kuazima. Asili yake ni maneno yaliyosemwa kuhusu glaifosati, iliyoingia sokoni mwaka 1974 na ambayo sasa ndiyo dawa ya magugu inayotumika kuliko zote duniani. Glaifosati hung'ang'ania chembe za mfinyanzi na madini ya chuma na alumini yaliyomo ardhini, kwa hivyo mizizi haiipati. Lakini huko si kufa. Huko ni kufungwa jela, na mfungwa hutoka. Tena mchanga wetu wa pwani una mfinyanzi haba, basi jela yenyewe ni ya makuti. Kufa kwa kweli ni molekuli kuvunjwa vipande, na vipande kuvunjwa tena, hadi pabaki gesi ya kaboni, maji na chumvi chache ambazo mmea wowote ungezifurahia. Kazi hiyo, ardhini, ni ya bakteria na kuvu. Na mara nyingi hakuna hata mmoja wao anayeweza kuimaliza sahani peke yake. Kwa hivyo anayesema dawa “inaoza” ametoa ahadi kwa niaba ya kundi zima la vibarua ambao hajauliza kama wapo kazini.

Aliyekulia pwani anajua namna nazi inavyomalizwa. Mkwezi huiangua, mwingine huifua, mwingine huikuna kwenye mbuzi. Tui huenda chunguni, machicha kwa kuku, vifuu jikoni. Makumbi ndiyo yanayonihusu zaidi. Huzikwa kwenye matope ya ufuoni, bahari ijae na kupwa juu yake miezi kadhaa, kisha hufukuliwa na kupondwa yatoke nyuzi za kamba. Kule chini ya matope kazi imefanywa na bakteria wanaoyeyusha pektini, ile gundi inayozishika nyuzi pamoja. Wamekula gundi, wameacha uzi. Laiti wangekuwa na meno ya kila kitu, tusingekuwa na kamba. Kila mlaji ana kipande chake, na pale anapokomea ndipo anapoanzia mwingine, au ndipo mambo yanapokwama.

Kwa dawa za magugu, mfano ulio wazi kuliko wote ninaoujua ni wa linuroni, iliyotumiwa sana Ulaya kwenye mashamba ya karoti na viazi. Mwaka 2003 watafiti wa Ubelgiji walieleza kundi la bakteria walilolitoa katika udongo uliokuwa umepigwa dawa hiyo miaka mingi. Wa kwanza ni Variovorax. Huyu ndiye mwenye panga: huikata linuroni vipande viwili. Kipande kikubwa kinaitwa daikloroanilini. Kidogo kina jina refu kuliko mwili wake, nitakiacha hivyo hivyo. Variovorax akiwa peke yake huweza kuishi kwa linuroni, lakini hukwama-kwama, kwa sababu daikloroanilini humrundikia mlangoni kama takataka ambazo gari la kaunti halijazipitia. Hapo huingia Delftia, ambaye daikloroanilini kwake ni chakula. Kile kipande kidogo kina mteja wake wa tatu, Hyphomicrobium, bakteria anayeota kijiti kirefu mwilini na anayependa vitu vidogo vidogo ambavyo wengine hawavitazami. Wakiwekwa pamoja, linuroni huisha upesi zaidi kuliko Variovorax akiachwa peke yake.

Ninaitaja daikloroanilini kwa makusudi, kwa kuwa ndiyo inayonikosesha usingizi katika habari yote hii. Kwa viumbe vingi ni sumu kali kuliko dawa mama. Haitoki kwa linuroni peke yake. Hutoka pia kwa diuroni, dawa ya mashamba ya miwa katika nchi nyingi. Kuna bakteria anaitwa Arthrobacter globiformis, aina ya D47, ambaye huikata diuroni vizuri sana na kukomea hapo hapo. Mpe shamba zima la diuroni naye atakurudishia shamba zima la daikloroanilini. Ukipima diuroni utakuta imepungua na utaandika ripoti nzuri. Watafiti wa Denmark walimpa jirani, Variovorax aina ya SRS16, ambaye huichukua ile daikloroanilini na kuimaliza. Baadaye, mwaka 2014, wakaongeza na kuvu wa ardhini, Mortierella, kwenye mchanga mkavukavu, na kazi ikaenda kasi zaidi. Sababu ni ya kupendeza: bakteria hawana miguu ya kuvuka pengo la hewa kati ya chembe moja ya mchanga na nyingine, lakini nyuzi za kuvu hutanda hewani zikiwa na utando wa maji juu yake, na bakteria hupita humo kama abiria wa Likoni wanavyopita feri. Feri ikiharibika, kila mtu anabaki upande wake na njaa yake.

Atrazini ina historia ndefu zaidi. Ilianza kuuzwa mwaka 1958, ikaenea kwenye mahindi na miwa, na kwa miongo kadhaa ilihesabiwa kuwa ngumu kwa bakteria. Ni pete yenye atomu tatu za kaboni na tatu za naitrojeni, ina klorini ubavuni na mikono miwili pembeni. Hakuna kiumbe aliyewahi kukutana na kitu kama hicho kabla hakijatoka kiwandani. Kisha mwaka 1995 watafiti wa Minnesota, Marekani, wakaeleza bakteria waliyempata mahali dawa ilipokuwa imemwagika. Walimwita Pseudomonas ADP, na anaweza kuimaliza atrazini kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Hufanya hivyo kwa hatua sita, kila hatua na kimeng'enya chake, yaani protini inayoifanya kazi hiyo. Cha kwanza hung'oa klorini. Cha pili hukata mkono mmoja, cha tatu mkono wa pili. Hapo pete hubaki uchi, na jina lake huwa asidi ya sianuriki. Wanaofanya kazi kwenye hoteli za Nyali na Shanzu wanaijua bila kujua kuwa wanaijua: ndiyo inayotiwa kwenye maji ya bwawa la kuogelea ili jua lisiimalize klorini. Vimeng'enya vitatu vya mwisho huipasua pete hadi gesi ya kaboni na amonia.

Kinachoshangaza ni mahali maagizo ya kutengeneza vimeng'enya hivyo yalipoandikwa. Hayamo kwenye kromosomu ya bakteria. Yako kwenye plasmidi, kikuku cha DNA ambacho bakteria mmoja anaweza kumpa mwingine, hata wa ukoo mwingine. Plasmidi ile iliposomwa yote, mwaka 2001, ilikuwa na herufi zaidi ya 108,000, na jeni tatu za mwanzo, yaani maagizo ya vile vimeng'enya vitatu vya kwanza, zilikuwa zimetawanyika huku na huku, zimezungukwa na vipande vya DNA vinavyojulikana kwa tabia ya kuruka. Jeni tatu za mwisho zimekaa pamoja kwa utaratibu. Kwa macho yangu hiyo ni nyumba ya kupanga ambayo vyumba vya nyuma ni vya zamani na vya mbele vimeongezwa juzi kwa mabati ya kuokota. Kimeng'enya cha kwanza, king'oa klorini, kina ndugu anayevunja melamini. Katika viungo 475 vinavyokijenga, wanatofautiana kwa 9 tu. Tisa! Hiyo ndiyo tofauti kati ya anayeijua atrazini na asiyeijua.

Kwetu pia wamo. Mwaka 2009 Zachary Getenga na wenzake walichapisha habari za Arthrobacter waliyemwita GZK-1, waliyempata katika udongo wa shamba la miwa nchini Kenya, na ambaye huivunja atrazini na dada yake terbuthilazini. Habari hiyo ilistahili kuzungumzwa kwenye redio zetu zote, lakini sikumbuki kuisikia hata moja. Tunajua majina ya wachezaji wa akiba wa timu za Uingereza.

Lakini Pseudomonas ADP ni fundi wa kila kazi, na mafundi wa hivyo si wengi. Mara nyingi kazi imegawanywa. Mwaka 1998 watafiti wale wale wa Minnesota walieleza jozi: Clavibacter mmoja anayefanya hatua za mwanzo na Pseudomonas mwingine anayepokea kinachobaki na kukimaliza. Kuna na Paenarthrobacter aurescens TC1, ambaye hula mikono ya atrazini kwa uroho na kuiacha pete jinsi ilivyo; pete lazima apatikane mwingine wa kuipasua. Kwa bahati, pete ile si balaa kama daikloroanilini. Basi makombo ya bakteria mmoja huweza kuwa kitu cha kutia kwenye bwawa la watalii, na makombo ya mwingine yakawa sumu kuliko chakula chenyewe. Chupa ya dukani haitofautishi. Yote imeandikwa “inaoza”.

Hapa ndipo ninapogombana na wanaoandika kuhusu bakteria kana kwamba wanaandika kuhusu chama cha akina mama. Hakuna harambee ardhini. Variovorax haimkatii Delftia chakula kwa upendo. Anatupa kisichomfaa, na Delftia ni yule anayekaa jirani na jalala. Mwaka 1976 Senior, Bull na Slater walichapisha habari za kundi la aina saba za viumbe wadogo waliokuwa wakiishi kwa dawa ya magugu iitwayo dalaponi. Tatu kati yao ndio waliokuwa wakiila dawa yenyewe; nne walikuwa wakila kilichowatoka wale watatu. Miongoni mwa hao wanne alikuwamo Pseudomonas putida, mla makombo, mgeni wa kudumu wa jikoni. Siku moja ndani ya mtungi wa maabara, baada ya kizazi na kizazi, huyo mla makombo akapata uwezo wa kuila dalaponi mwenyewe. Hakufundishwa na mtu. Alikaa karibu na chungu muda wa kutosha.

Na kinyume chake pia hutokea. Mwaka 2012 Morris, Lenski na Zinser walitoa hoja waliyoipa jina la bibi wa shupaza, ile karata ambayo katika mchezo mmoja wa Kizungu kila mchezaji anajitahidi asibaki nayo mkononi. Kutengeneza kimeng'enya ni gharama. Ikiwa jirani yako anakitengeneza na faida inavuja hadi kwako, wewe una kila sababu ya kuitupa jeni yako na kuishi kwa kudoea. Wote wakidoea, kundi linakufa. Kwa hivyo lazima abaki mmoja mwenye karata mkononi. Hoja yao ilizaliwa kwa bakteria wa baharini, lakini mimi naiona inasaidia kuelewa kwa nini kundi la udongoni lina nguvu na wakati huo huo ni dhaifu mno. Kila mmoja ameshatupa kitu akimtegemea mwenzake. Ukimuua mmoja, hujampunguza mmoja tu.

Nani anamuua? Wakati mwingine ni njaa, na wakati mwingine ni shibe. Atrazini ina naitrojeni nyingi, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya bakteria kujisumbua na ile pete. Pseudomonas ADP akipewa naitrojeni rahisi, tuseme ya mbolea, anazifunga zile jeni tatu za nyuma na kukaa. Bakteria aliyeshiba haparamii mfupa. Mkulima anayepiga dawa leo na kumwaga mbolea kesho amewaandalia vibarua wake pilau kisha anashangaa mbona hawagusi ugali wa jana.

Njaa nayo hufanya kazi kwa njia nyingine. Dawa ikishapita tabaka la mizizi na kuingia kwenye maji ya chini, inakuwa kidogo kiasi kwamba haimlishi mtu. Kikomo cha Ulaya kwa dawa moja katika maji ya kunywa ni sehemu ya kumi ya mikrogramu kwa lita. Ujerumani iliipiga marufuku atrazini mwaka 1991 na Umoja wa Ulaya ukaikataa mwaka 2004, lakini miaka mingi baadaye bado wanaipima kwenye maji ya ardhini. Ni kidogo mno kumnenepesha bakteria, na kinatosha kumnyima raha mwenye kisima. Kule chini hakuna mizizi, hakuna majani yaliyooza, hewa ni haba, na lile kundi nililolisimulia ama halipo ama limelala.

Na Mombasa tunajua visima. Tuna mwamba wa matumbawe wenye matundu kama mkate wa kumimina, maji ya mvua hushuka kupitia humo bila kugonga hodi, na juu yake kuna mchanga mwembamba usio na mboji ya maana. Nyumba nyingi hutegemea kisima siku ambazo mfereji hautoi kitu, yaani siku nyingi. Joto letu ni neema, nakubali. Bakteria hufanya kazi haraka kwenye joto. Lakini wakati wa kaskazi, Januari na Februari, mchanga hukauka hadi ukawa kama chumvi, na bakteria asiye na utando wa maji hata kama ana jeni zote sita hafiki mahali chakula kilipo.

Ninayasema haya kwa sababu ya karatasi. Kila dawa ina takwimu ya nusu-maisha, siku ambazo nusu yake huwa imetoweka. Kipimo cha kawaida hufuata mwongozo nambari 307 wa mwaka 2002 wa OECD, jumuiya ya ushirikiano wa kiuchumi ya nchi nyingi tajiri: udongo kadhaa uliochaguliwa, unyevu unaodhibitiwa, joto la nyuzi 20, giza. Ni kipimo kizuri na kinadai vitajwe hata vipande vinavyobaki. Lakini vipande hivyo hukaa kwenye majalada. Anachokipata mnunuzi wa Kongowea ni “udongo unaila”, na udongo uliokula haukuwa wa Kiembeni. Bodi ya kudhibiti dawa za wadudu na magugu nchini ingeweza kudai mambo mawili bila kujenga maabara mpya: kila lebo itaje kwa Kiswahili kinachobaki baada ya dawa kuvunjwa, na dawa zinazouzwa pwani ziwe zimepimwa kwenye mchanga wa pwani. Chuo kikuu tunacho, mchanga tunao, wanafunzi wanaotafuta mada za tasnifu tunao hadi wa kugawa.

Atakuja mtu na chupa ya bakteria, kama zile pakiti za kumwagia choo. Simkatai moja kwa moja. Huko South Dakota, katika jaribio lililochapishwa mwaka 2000, watu walichukua bakteria waliotiwa kile kimeng'enya cha kung'oa klorini, wakawaua, wakawachanganya wakiwa wafu na udongo uliomwagikiwa atrazini kwa wingi. Baada ya wiki nane zaidi ya nusu ya atrazini ilikuwa imetoweka. Wafu walifanya kazi! Lakini wafu wanafanya hatua moja, ile waliyofia nayo. Na bakteria wa chupa walio hai huwekwa mahali wasipopajua, wakaliwa na protozoa, wakanyimwa nafasi na wenyeji. Mgeni wa namna hiyo hufa kabla hajafungua mizigo.

Bamburi walituonyesha njia nyingine, ingawa kule adui hakuwa dawa. Mwaka 1971 René Haller alianza kupanda miti kwenye machimbo ya mawe ya saruji, jangwa jeupe la matumbawe ambalo hata nyasi ililikimbia. Alijaribu aina 26, zikastahimili tatu. Mvinje ndio ulioshinda, kwa msaada wa bakteria wa kwenye mizizi yake, Frankia, wanaokamata naitrojeni hewani. Miti ikarefuka, na majani yake membamba yakaanguka, yakaanguka, yakarundikana. Hayakuoza. Yana tanini nyingi na bakteria hawakuwa na pa kuanzia. Haller akaleta jongoo, wale wakubwa wenye miguu myekundu. Jongoo wakayatafuna majani, na kilichotoka upande wa pili kilikuwa kimeshasagika, bakteria wakakimaliza, mboji ikaanza. Leo watoto wa shule wanapelekwa pale kumtazama kiboko na twiga, na mwalimu hawaonyeshi jongoo. Wahenga wetu walisema tupa jongoo na mti wake. Pale Bamburi waliokota vyote viwili.

Ninachokichukua pale ni kwamba Haller hakununua mboji. Alitafuta aliyekosekana kwenye foleni. Kwa mwenye bustani, hilo lina maana za kawaida kabisa: samadi iliyoiva, majani yaliyooza, matandazo ya makuti ili mchanga usikauke, na kutochoma taka za shamba kila Jumamosi kama tunavyopenda. Vitu hivyo haviwaleti Variovorax kwa jina, lakini vinaweka meza, maji na feri.

Bahari ni habari nyingine na sitaimaliza leo. Wazee wa majahazi wa Bandari ya Kale walipaka vyombo vyao deheni, chokaa na shahamu, kuzuia mdudu na maji. Meli za chuma za Kilindini hupakwa rangi zenye sumu, na kwa miaka mingi baadhi ya rangi hizo zilitiwa dawa za magugu: diuroni ile ile, na saibutrini, ya ukoo mmoja na atrazini, ili mwani usiote chini ya meli. Dawa iliyoundwa kuzuia mmea kutumia jua haichagui kati ya mwani wa melini na nyasi za bahari wanakolelewa tasi. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Baharini lilizuia saibutrini kupakwa melini kuanzia Januari 1, 2023, na meli zilizokwisha kupakwa zikapewa muda wa kuiondoa. Jua likiivunja hubaki kipande kinachoitwa M1, nacho hudumu.

Haki ya 2,4-D yangu nayo niiseme. Katika udongo hai wenye unyevu huwa haikai sana, wiki chache, na bakteria aitwaye Cupriavidus, aliyepatikana Australia, anaimaliza peke yake kwa jeni alizobeba kwenye plasmidi. Hata yeye hupita mahali pa hatari, kwa kuwa kipande cha kwanza kinachotoka ni fenoli yenye klorini mbili ambayo humdhuru mwenyewe asipoiwahi. Kwa hivyo kijana wa duka hakunidanganya kabisa. Mibamia nimepanda mingine, mbali na ukuta, kwenye shimo nililojaza samadi ya mbuzi. Pale kando ya kisima nilipomwaga yale maji, wa kwanza kurudi alikuwa ndago. Maji ya kisima hicho bi mkubwa anayafulia tu. Ya chai anaagiza kwa mwenye mkokoteni, na ananitumia mimi kulipa.